Kilima cha Tatu Katika Kidonge cha Laban

Katangi,
17 Novemba 2023

Binti yangu Wayua,

Pokea salamu kutoka kwa boma lote, mbuzi wakiwemo. Sisi hatujambo. Mvua imekuja vizuri mara hii, ndengu zimechanua hadi nyuma ya choo. Susu, nyanya yako, anasema nikuandikie kwamba mimba ikikaa juu ni msichana. Usimsikilize, alisema hivyo hivyo juu ya baba yako. Mumeo Henry anakula vizuri huko Syokimau, ama anasubiri wikendi umpikie na hali yako hiyo?

Utauliza kwa nini siku hizi naandika barua. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji ya mbuzi mwezi wa tisa, na sinunui ingine. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linafuata njia hiyo hiyo. Mtu akinipigia lazima apige kelele, na jirani wote wanajua mambo yangu kabla yangu. Wavinya huja soko la Machakos Jumatatu na Ijumaa na ndengu zake. Barua mpe yeye, si mtu mwingine.

Sasa nisikilize. Tumemzika Ndunge, yule tuliyekuwa tunaimba naye kwaya. Alitapika damu Jumapili, Jumatatu hatukuwa naye. Alikuwa na magoti mabaya kama sisi wote, na alikuwa anameza dawa ya mifupa ya Laban, mzee wetu wa kanisa mwenye duka hapo chini. Laban anasema ni miti shamba mitupu, haina kemikali hata chembe. Kopo halina jina wala maandishi. Wayua, Susu wako anameza viwili kwa siku tangu mwaka jana. Alikuwa anatambaa kwenda chooni. Siku hizi anachota maji, anatukana mbuzi, na Jumapili ile kabla ya msiba alicheza hadi mbele, mchungaji akapoteza mstari wa mahubiri. Kanisa karibu lote linameza.

Ninaogopa, na sijamwambia mtu. Nimekufungia vidonge vinne kwa karatasi ya daftari. Wewe kazi yako ni kupima vidonge vya maumivu kwa umeme. Ulinieleza nikaitikia na sikuelewa kitu. Nipimie hivi. Kama ni miti shamba, mashine iseme ni miti shamba, nilale.

Ni mimi Shangazi yako,
Katunge

*

Machakos,
1 Desemba 2023

Kwa Shangazi Katunge,

Sasa Shangazi, habari ya Susu, habari ya ndengu? Henry anakula, tena anakula sana. Mimi niko salama lakini nilitokwa na damu kidogo wiki jana, na daktari amenikataza safari mpaka nijifungue. Kazini naketi tu. Kwa hivyo Krismasi hii sitakuja. Henry ndiye ataleta sukari na unga.

Vidonge vimefika, kimoja kimevunjika. Shangazi, usikasirike: mashine ni moja na wanafunzi wa uzamili tuko saba. Tena maabara inafungwa wiki ijayo mpaka Januari. Nimeviweka kwa droo yangu na kufuli.

Usiwe na wasiwasi sana. Pengine Ndunge alikuwa na ugonjwa mwingine.

Wako,
Wayua

*

Katangi,
5 Januari 2024

Binti yangu,

Heri ya mwaka mpya. Henry alifika na vitu vyote, asante, akatupiga picha chini ya mti wa ndimu. Tunakula muthokoi, mahindi yetu na maharagwe, na kushukuru.

Wavinya amerudi mikono mitupu mara tano. Kimya chako kinanitisha kuliko jibu baya. Susu sasa ameanza kudai cha tatu. Mutindi, mke wa Laban, amevimba miguu, lakini mumewe anamwambia ni baraka, amenenepa. Nikipita hapo dukani naona watu wamepanga foleni na vikopo mkononi, nami ninajua kitu ambacho sijui. Hiyo sentensi ningekupigia mstari mwekundu darasani ukiiandika wewe, lakini ndivyo nilivyo.

Pima, Wayua. Usingoje tuzike wa pili.

Katunge

*

Machakos,
2 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu kwako na kwa Susu. Mtoto anapiga teke mpaka kikombe cha chai kinatingika. Henry amenipa ile picha ya Krismasi. Woi, Shangazi, umejaa uso! Mashavu yameviringana kama ya bibi harusi. Henry anasema pensheni inakuingia vizuri, mimi nikamwambia ni muthokoi.

Sasa mambo yako. Nimepima.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituita majina asubuhi darasa la nne? Unaita, kila mtu anaitika kwa zamu yake, unaweka alama. Mashine yangu ni hivyo hivyo. Nasaga kidonge, nayeyusha kwa kikombe kidogo, natumbukiza risasi ya penseli (ndiyo, penseli ya kawaida ya duka) na nyaya zingine mbili. Halafu napandisha umeme pole pole, umeme mdogo hata kwa tochi hautoshi. Kila dawa iko na kiwango chake cha kuitika. Zamu yake ikifika, mashine inachora kilima. Kilima kikisimama mahali fulani, najua ni nani ameitika, na urefu wake unaniambia ni kiasi gani.

Miti shamba huchora vurugu. Hiki cha Laban kilichora vilima viwili safi kabisa. Cha kwanza ni paracetamol. Cha pili ni diclofenac, na ni nyingi, Shangazi, nyingi kuliko kidonge cha hospitali. Hiyo ndiyo hutoboa tumbo za wazee. Siwezi kuapa ndiyo ilimuua mama Ndunge, lakini kutapika damu kunafanana nayo.

Susu aache leo. Si kesho. Mtu yeyote hapo nyumbani anayemeza, aache leo hii hii. Laban usimwambie kitu mpaka Dkt. Munyao, msimamizi wangu, aone michoro na atuambie turipoti wapi.

Niandikie haraka.
Wayua

*

Machakos,
6 Februari 2024, Jumanne

Shangazi,

Leo sina salamu. Nimekosea.

Asubuhi Dkt. Munyao ameangalia michoro yangu akaniuliza swali moja tu: "Na upande ule mwingine?" Sikuwa nimeuangalia. Dawa za maumivu ninazopima kila siku huitika umeme ukipanda, kwa hivyo nilipandisha tu. Niliita upande mmoja wa darasa nikafunga rejista.

Nimepuliza gesi kwa kikombe kutoa hewa, nikashusha umeme chini ya sifuri, chini kabisa. Kikatokea kilima cha tatu. Nimerudia mara tano nikiomba iwe ni uchafu. Nimetumia kidonge cha mwisho. Nimelinganisha na ile dawa safi ya mfano tunayoiweka kwa friji. Ni dexamethasone, ni steroidi, dawa inayoiga homoni ya mwili wenyewe.

Hiyo ndiyo ilimchezesha Susu kanisani. Lakini mtu akiimeza miezi mingi, mwili wake unazoea kupewa, unaacha kutengeneza ya kwake. Ukimkatia ghafla anabaki bila chochote. Anatapika, anaishiwa nguvu, presha inaanguka, na anaweza kufa. Inapunguzwa kidogo kidogo na daktari, wiki nyingi. Na mimi ndiye niliandika aache leo hii hii. Mimi, kwa mkono huu. Leo ni siku ya nne!

Arudishiwe vidonge mara moja, viwili kama kawaida, na apelekwe hospitali. Diclofenac ni mbaya lakini hii ni mbaya zaidi kwa sasa.

Wavinya haji mpaka Ijumaa na siwezi kungoja, kwa hivyo nimempigia Laban. Najua nilisema asiambiwe. Nambari yake iko kwa kadi ya mchango wa kanisa, na simu nyingine ya karibu nanyi siijui. Nimemwambia kila kitu, vilima vyote vitatu, na nikamwomba apande kwenu akuambie usimwachishe Susu. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Naenda huko sasa hivi." Sauti yake ilikuwa na huruma. Nimejishikilia kwa hiyo sauti siku nzima.

Wayua

*

Katangi,
8 Februari 2024

Binti yangu Wayua,

Natumai wewe na mgeni wako wa tumboni hamjambo. Samahani kwa mwandiko, naandikia kitandani, ni uvivu tu wa joto hili. Mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata Ijumaa hiyo hiyo na nikaitii neno kwa neno. Susu alitukana mashine yako, akatukana na penseli. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilitaka kuisikia sana! Nikafungia kopo kwa sanduku la nguo, ufunguo nikaulalia. Na ajabu ni hii: hana neno. Leo ni siku ya sita na ameamka kabla yangu akapalilia. Nikamwambia, unaona, hukuwa unaihitaji. Akacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumanne jioni Laban alifika. Alinisalimia kwa mikono miwili, akauliza juu ya magoti ya Susu, kisha akaomba kopo lake. Ati ameleta jipya, bora zaidi, atatubadilishia asubuhi. Nilimpa. Jana duka halikufunguliwa, na leo pia. Mutindi yuko mlangoni tu na uso wake umejaa, anasema mumewe ameenda Mombasa kwa ndugu na hakuaga vizuri. Wewe unajua kitu hapo?

Niko na swali moja dogo. Kuna rafiki yangu huku, mwalimu mstaafu, naye alikuwa anameza, kimoja tu kwa siku, tangu Machi mwaka jana. Nilipomsomea barua yako aliacha siku hiyo hiyo. Sasa akisimama nyumba inazunguka. Chakula hakikai tumboni, hata uji. Viungo vinamuuma kuliko hata kabla hajaanza dawa. Je, ndiyo sumu inatoka? Inachukua siku ngapi, nimwambie avumilie?

Usijisumbue sana na hili, una mtoto wa kufikiria.

Katunge

*

Machakos,
9 Februari 2024, Ijumaa

Shangazi,

Wavinya amefunga magunia, ananisubiri hapa nje. Soma huu mstari kwanza: meza kidonge sasa hivi. Wewe. Mwalimu mstaafu mwingine huko ni nani?

Nimesoma barua yako nikatoa ile picha ya Krismasi. Uso wako, Shangazi. Steroidi ndiyo hujaza uso hivyo, mviringo kabisa, hata kitabuni iko picha yake. Kazi yangu ni kuangalia vilima, na nilikiona kilima usoni pako nikacheka. Tulicheka wote, mimi na Henry, tukasema umetunzwa.

Laban hakukuambia neno. Nilimtuma aokoe mtu akaja kuchukua ushahidi. Soma barua yangu ya Jumanne, iko hapa pamoja na hii, utaelewa. Kuacha ghafla ndiko kunakuua.

Susu ameficha vidonge. Ndiyo maana yuko sawa. Hakutii, Mungu ambariki! Vitafute kwa vibuyu, kwa godoro, popote. Gawaneni, halafu uende hospitali na Wavinya leo leo, nimemwambia yote. Henry anatoka kazini kesho saa sita anakuja moja kwa moja na gari la rafiki yake.

Shangazi naogopa sana. Nimekuwa nikikuandikia kuhusu Susu miezi mitatu na sikuwahi kuuliza, na wewe je? Swali la maneno matatu.

Wayua

*

Machakos,
12 Februari 2024

Shangazi yangu,

Henry atakuletea hii kitandani. Nimemwomba sista akusomee kwenye sikio la kulia, polepole, hata kama macho umefunga. Mimi wamenikataza hata ngazi za nyumba yetu. Nimepiga magoti kwa daktari wangu na amekataa.

Henry anasema alikupata sakafuni kati ya jikoni na mlango, kichwa chako kwenye mapaja ya Susu. Susu alikuwa anakulisha uji kwa kijiko na unakumwagikia shingoni, naye anaendelea tu. Hapo hospitali wamekuwekea dripu na sindano za ile ile dawa, safi na kwa kipimo. Susu naye wameanza kumpunguzia vizuri. Kuhusu wewe daktari amesema tungoje. Hilo neno silipendi.

Susu ameniambia kwa simu ya Henry, analia, mimi sijawahi kumsikia akilia. Vilikuwa sita kwa kibuyu cha maharagwe. Wavinya alikuja na barua, ukasoma, ukakataa kupanda boda kwa sababu Susu angebaki peke yake. Kisha ukampa vyote sita vya siku tatu, akakuuliza vyako viko wapi, ukamwambia umeshameza. Mwalimu wa shule ya Jumapili wewe, ukamdanganya mama yako mzazi! Kwa nini, Shangazi? Vingetosha wote mpaka Henry afike. Vingetosha.

Sijui niandike nini tena. Nimekaa na penseli ya maabara mkononi na naogopa simu ikilia.

Ulikuwa ukituita asubuhi, na mtu asipoitika unaita mara ya pili, na ya tatu, hata kama unajua yuko nyumbani mgonjwa. Tulikuwa tunacheka. Leo mimi ndiye nina rejista.

Katunge Mutunga?

Katunge Mutunga?

Katunge binti Mutunga, itika.

*

Hospitalini,
14 Februari 2024

Wayua,

Nipo.

Mwandiko usiucheke, kalamu ni nzito na sista ananitazama vibaya. Susu yupo kitanda cha pili, ameshagombana na mpishi. Zaa salama kwanza, kulia utalia baadaye.

Kuhusu vile vidonge sita usiniulize tena. Sikujua Henry atafika saa ngapi wala kama gari litapita. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na yule ni mama yangu. Nilikosea jibu, nimekubali.

Sasa nisikilize vizuri kuliko zamani zote. Jana nililala hapa nikihesabu siku kwa vidole. Duka la Laban limefungwa tangu tarehe saba. Hakuna anayeuza, na wengi walikuwa wakinunua vya siku moja moja. Wewe ulimwogopesha, na alistahili, lakini alipokimbia alikimbia na dawa ya kanisa zima, na hakuna aliyewaambia lolote. Leo ni siku ya nane, Wayua. Mimi ya nane ilinikuta sakafuni.

Geuza karatasi. Nimekuandikia majina ishirini na sita, kila mtu na vidonge vyake kwa siku, kadiri nilivyoona pale dukani. Wavinya anajua nyumba zao zote. Henry asirudi kazini. Abaki na gari. Dkt. Munyao apige simu kwa wakubwa anaowajua, na hospitali hii nimeshaiambia ijiandae. Mwite kila mmoja, na usifunge rejista mpaka wa mwisho aitike.

Henry aanze na Mutindi, mke wa Laban. Anameza vitatu, na mumewe hakumwambia.

Katunge